Mgeni njoo, shamba lipone

WAHENGA wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu utotoni niliuchukua msemo huu kuwa ni wa adabu tu, wa kumfanya mama mwenye nyumba asinune mgeni abishapo hodi chungu kimekwisha epuliwa. Mwezi wa Aprili uliopita nilikwenda kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia, na huko nikakuta watu ambao kwao maneno haya ni hesabu ya fedha, ni sheria ya nchi, na ni dawa ya shamba lililokuwa likifa.

Sisi wa pwani tunawajua Wataliano kwa miaka mingi. Malindi wamejenga, wameoa, na vijana wetu wa ufukweni huzungumza lugha yao kama waliozaliwa nayo. Lakini tunawajua wakiwa watalii, wamelala juani. Safari hii zamu ya kuwa mtalii ilikuwa yangu, na pahali nilipofikia hapakuwa pwani bali shamba la michungwa katika uwanda wa Catania. Mpwa wangu, kijana wa Malindi afanyaye kazi katika mji huo, ndiye aliyenipeleka na ndiye aliyekuwa mkalimani wangu.

Mpango wenyewe huitwa agriturismo, yaani utalii wa shambani. Mkulima hutengeneza vyumba katika nyumba yake au katika ghala la zamani, mgeni akaja akalala, akala kinachotoka shambani, na akipenda akashika kikapu akachuma. Sikuona mapambo ya hoteli. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, kuta za mawe ya mlima wa moto, na dirisha linalotazama Etna, mlima uzidio mita 3,300, kileleni theluji na juu ya theluji moshi. Asubuhi niliamshwa na jogoo na harufu ya maua ya michungwa. Mti mmoja ulikuwa na maua meupe na matunda yaliyochelewa kuchumwa kwa wakati mmoja, mama na mjukuu tawi moja. Chungwa lenyewe ukilipasua ndani ni jekundu kama damu. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba wekundu huo huletwa na baridi ya usiku inayofuata joto la mchana.

Birika na thumni

Nyuma ya nyumba palikuwa na tangi kubwa la mawe, limejaa maji, na kutoka hapo vijito vya kujengwa vikienda hadi kwenye shina la kila mti. Nilisimama nikalitazama, maana lilikuwa kama birika ya msikiti wa mtaani kwetu. Nikauliza huitwaje. Mzee akajibu: gebbia. Na vijito? Saia. Basi mimi niliyekalia jamvi la chuoni nikichapwa kwa ajili ya herufi za Kiarabu, nikacheka peke yangu. Gebbia ni jabiya, na saia ni saqiya, maneno ya Kiarabu yaliyokaa vinywani mwa wakulima Wakristo kwa zaidi ya miaka elfu.

Waislamu waliteremka Mazara, magharibi ya kisiwa, mwaka 827, wakatawala hadi Wanormani walipouchukua mji wa Palermo mwaka 1072 na baadaye kisiwa kizima. Walileta ndimu na madanzi, na elimu ya kugawa maji. Chungwa tamu lilifika baadaye sana. Watawala walikwenda zao, maneno yakabaki. Zabibu za huko ziko ziitwazo zibibbo. Hata kipimo cha shamba cha wazee wa Sisilia huitwa tumminu, kutokana na thumni, sehemu ya nane. Msomaji aliyewahi kuiita senti hamsini thumni ataelewa nilivyojihisi niko kwa jamaa.

Alasiri ile nilichota maji ya gebbia nikatawadha. Mzee aliniangalia akanyamaza, kisha akamwambia mpwa wangu jambo. "Mjomba," kijana akanitafsiria, "asema maji haya yanakujua."

Chakulani nilikuwa na wasiwasi, kwani meza ya huko haikosi mvinyo wala soseji za nguruwe. Mpwa wangu alisema neno moja tu, na mama mwenye nyumba akaviondoa vyote bila kukunja uso. Akaleta macco, maharagwe mapana makavu yaliyopikwa mpaka yakapondeka, yakamiminiwa mafuta ya zeituni, na mabiringani, na kachumbari ya machungwa kwa kitunguu na chumvi. Jaribu, msomaji, nyumbani kwako.

Sheria yenye macho

Usiku wa mwisho tulikaa uani, na mzee akafungua moyo. Baba yake alikuwa na watoto watano, na wanne walihama. Ndiyo hadithi ya Italia ya kusini nzima. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, mamilioni ya watu waliacha majembe wakaenda viwandani Torino na Milano, wengine Ujerumani. Nyumba za mashamba zikabaki na popo. Karibu na Palermo, bonde lililosifiwa kwa michungwa yake, Conca d'Oro, lilimezwa kwa sehemu kubwa na majengo katika miaka ya 1950 na 1960. Mnunuzi alikuja na fedha taslimu, mwenye shamba akaona ameokoka.

Mwaka 1965 wakulima wa Italia waliunda chama cha Agriturist kutetea wazo hili la kupokea wageni. Mwaka 1985 ikatoka sheria ya nchi, na mwaka 2006 nyingine iliyochukua nafasi yake. Sheria hiyo ina macho. Haimruhusu kila mwenye nyumba nzuri ya mashambani kujiita hivyo. Lazima awe mkulima kweli. Kazi ya ukulima ibaki kubwa kuliko ya wageni. Na chakula kitoke zaidi shambani mwake na kwa wakulima wa mkoa wake. Leo nyumba za namna hii nchini humo zimepita 25,000. Wapo wanaodanganya, wakachimba bwawa la kuogelea na kununua nyanya dukani. Lakini mzee wangu hakudanganya. Aliniambia kuna miaka bei ya machungwa shambani haikurudisha hata ujira wa wachumaji. Ndugu yake aliuza fungu lake, na leo juu yake pana maghala ya bidhaa. Yeye aliokolewa na vyumba vinne vya wageni, na binti yake aliyekuwa mjini amerudi, ndiye aendeshaye hesabu.

Nilikumbuka mashamba ya minazi na miembe niliyoyajua nikiwa mtoto, ambayo leo yana ukuta na mlinzi mlangoni. Watalii tumewapokea miaka yote, lakini mwenye shamba aliuza kwanza, kisha akaajiriwa kufagia pale pale. Mzee wa Sisilia hakuuza ardhi, aliuza usiku wa kulala na sahani ya maharagwe, na asubuhi ardhi ikawa bado yake.

Nami nikiaga nilimwachia ubeti huu, mpwa wangu akaufasiri alivyoweza:

Shamba ni lako litunze, usimpe mwenye pesa,
Mgeni na ajifunze, jembe lako kuligusa,
Watoto nao wafunze, wasihame kwa kukosa,
Aridhi ikisha uzwa, hairudi kwa kulia.