Aliuza vito, akanunua samaki, akafika uwaziri

MWAKA 1983 msichana wa miaka 18 katika mji wa Pangandaran, pwani ya kusini ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, aliuza vito vyake. Alipata rupia 750,000, akaenda nazo kwenye mnada wa samaki na kujipanga pamoja na wachuuzi.

Msichana huyo ni Susi Pudjiastuti. Sekondari alikuwa ameiacha kabla ya kumaliza, jambo lililosemwa sana miaka 31 baadaye, Rais Joko Widodo alipomteua kuwa Waziri wa Bahari na Uvuvi. Magazeti yaliandika pia habari za tatuu yake ya mguuni na sigara zake. Swali la maana zaidi lilikuwa moja: mfanyabiashara huyu akiwa waziri, atamtetea nani?

Pangandaran inatazama Bahari ya Hindi, bahari hiyo hiyo inayopiga Lamu, Mafia na Kilwa. Na kama ilivyo huku, mali ya bei kubwa ni kambakochi. Mnunuzi wa Jakarta au Singapore hulipa bei nzuri kwa kambakochi aliye hai. Akifa njiani, bei inakufa naye. Yeyote aliyewahi kusubiri gari la barafu anaijua hasara hiyo.

Mwaka 1996 Ibu Susi, yaani Mama Susi kama wanavyomwita kwao, alifungua kiwanda cha kusindika mazao ya bahari na kuuza nje kwa nembo ya Susi Brand. Tatizo likabaki barabara: hadi Jakarta ni safari ndefu, na mzigo ulikuwa ukifia njiani.

Akapiga hesabu ambayo mabenki waliiona kichekesho: kununua ndege. Ilimchukua miaka kupata benki ya kumsikiliza, na mkopo ukatoka mwaka 2004. Alinunua ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambayo hutua hata kwenye viwanja vifupi. Faida yake haikuwa mwendo tu, bali idadi ya kambakochi waliofika hai. Hesabu ya usafiri katika biashara ya mazao yanayoharibika huanzia hapo, iwe nyanya au maziwa.

Desemba 26 mwaka huo tsunami ikaipiga Aceh. Siku mbili baadaye ndege yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutua Meulaboh na chakula na dawa. Ilikwenda kutoa msaada wa bure, lakini mashirika ya misaada yakaanza kuikodi. Ndivyo ilivyokua Susi Air, ambayo kufikia mwaka 2014 ilikuwa na ndege zipatazo 50, zikihudumia hata Papua kusikofikika kwa gari.

Mwanamama huyo hakupitia chama chochote cha siasa. Oktoba 2014 aliachia uongozi wa kampuni zake na kuapishwa. Ndani ya wiki chache alisimamisha vibali vya meli kubwa za uvuvi zilizoundwa nje. Sheria ya kuzamisha meli za kigeni zinazoiba samaki ilikuwapo tangu 2009. Yeye aliitumia kweli. Hadi anaondoka, zaidi ya meli 500 zilikuwa zimezamishwa, nyingi za Vietnam.

Milipuko hiyo ndiyo iliyompa jina duniani. Kwa mvuvi mdogo, lililomgusa mfukoni ni agizo la mwaka 2015: kambakochi mwenye mayai asivuliwe, na mwenye gamba la mgongoni lisilozidi sentimita 8 arudishwe majini. Vifaranga, waliokuwa wakitoroshwa kwenda kwa wafugaji wa Vietnam, wasiuzwe nje.

Hoja yake ilikuwa ya kichuuzi: kifaranga huuzwa kwa fedha kidogo, na akiachwa akue huleta nyingi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila ina tundu. Bahari haina ua. Kifaranga unayemwacha leo anaweza kuvuliwa kesho na jirani, na ada ya shule haingoji. Kusini mwa Lombok, ambako kaya nyingi ziliishi kwa kutega vifaranga, marufuku iliuma.

Iliuma pia kwa wenye nyavu za kukokota ziitwazo cantrang, zilizopigwa marufuku mwaka huo huo kwa kuzoa wakubwa na wadogo. Nyavu hizo zinaharibu, hakuna ubishi. Lakini wengi walikuwa na mikopo juu ya mashua zao, na benki haiahirishi rejesho kwa sababu waziri ametoa agizo. Januari 2018 waliandamana Jakarta, na Rais akawaruhusu kuendelea wakati wakibadilisha zana. Hapo wavuvi walikuwa na haki ya kusikilizwa mapema zaidi.

Oktoba 2019 hakurudishwa kwenye baraza. Mei 2020 waziri aliyemfuata, Edhy Prabowo, alifungua tena uuzaji wa vifaranga nje. Novemba mwaka huo alikamatwa, na mwaka 2021 mahakama ikamtia hatiani kwa rushwa ya vibali vya biashara hiyo hiyo. Mwaka 2021 uuzaji ukafungwa, na 2024 ukafunguliwa tena kwa masharti. Kati ya mwaka 2015 na 2024, mtega vifaranga wa Lombok alibadilishiwa sheria mara nne.