Mtu wa Kwenye Simu na Mtu wa Kamakis

Katika nyumba za kupanga za Ruiru, jirani wa mlango wa pili huenda asijue hata jina lako, ilhali mtu wa Thika ambaye hamjawahi kupeana mkono anajua kwamba Jumapili ulikula nyama choma pale Kamakis, hapo hapo Ruiru. Ameona stetasi yako. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika, na wengi ni wapangaji walioletwa na kodi nafuu, viwanda, vyuo na ile barabara kuu ya Thika iliyozinduliwa 2012. Wawili wanaopendana hapa mara nyingi hawana mtu hata mmoja wanayemfahamu wote.

Kwangu hilo ni badiliko kubwa kuliko filta yoyote ya picha. Kwa Wakikuyu, wenyeji wa kaunti hii ya Kiambu, ndoa ilipitia kwa wazee. Kabla ya kufikia mazungumzo ya ruracio (mahari), kila upande uliulizia habari za mwenzake: ni wa ukoo gani, ni mchapakazi, ana hasira? Waliojibu walikuwa jamaa na majirani waliomwona akikua. Siku hizi shahidi ni mhusika mwenyewe, naye anajieleza kwa picha alizozichagua.

Je, anadanganya? Ndiyo, ila kidogo kuliko tunavyohofia. Mwaka 2008 watafiti Catalina Toma, Jeffrey Hancock na Nicole Ellison walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa New York. Waliwapima watu 80 waliokuwa wakitafuta wapenzi mtandaoni, kisha wakalinganisha vipimo na yale waliyojiandikia. Takriban wanane kati ya kila kumi walikuwa wamepotosha urefu, uzito au umri, lakini mara nyingi kwa kiasi kidogo tu. Anayetarajia kuonekana ana kwa ana hujizuia. Tarajio hilo likiondoka, breki nayo inaondoka.

Sehemu nyingine ya udanganyifu tunajifanyia wenyewe. Joseph Walther, mtaalamu wa mawasiliano, alieleza mwaka 1996 jinsi maandishi yanavyoweza kuzaa ukaribu unaopita ule wa ana kwa ana: mwandishi ana muda wa kufuta na kurekebisha, naye msomaji hujaza mapengo kwa mazuri anayoyatamani. Dada wa Thika akichati miezi mitatu na kaka wa Ruiru, umbali wa kilomita 20 hivi, anampenda mtu ambaye nusu yake ameiumba yeye. Kaka analihisi hilo, anaogopa kupimwa, anaahirisha tena kukutana.

Ndiyo maana nasema kutaneni mapema. Iwe mchana, mahali penye watu, kama bustani za Blue Posts pale Thika, na ndugu au rafiki ajue ulipo na utarudi saa ngapi. Tahadhari hiyo haina utani. Januari 2024 mwanafunzi wa kike wa chuo kikuu cha JKUAT, Juja, aliuawa katika nyumba ya kukodi kwa siku chache huko Roysambu, kandokando ya barabara hiyo kuu ya Thika, na tarehe 27 mwezi huo wanawake waliandamana katika miji kadhaa ya Kenya kudai mauaji ya wanawake yakome.

Wawili wakishaingia kwenye uhusiano, ugomvi hubadilika: “Mbona huniposti?” Naelewa uchungu wa swali hilo, maana kufichwa kunauma. Lakini stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24, na mwenyewe huchagua nani aione. Picha yako inaweza kuwekwa ukaiona wewe pekee, ukalala umeridhika. Kinyume chake, mwingine hakuposti kwa sababu mama yake, mchungaji au mwajiri wake wamo kwenye orodha ile ile, naye hajawaeleza bado. Kabla ya kugombana, muulize ni nani kwao anayejua kwamba upo, na ni lini atakupeleka ukamsalimie.