Udhaifu wa mtandao wa 2G unavyowapa matapeli mwanya

MAMILIONI ya wakazi wa Afrika Mashariki hutuma na kupokea fedha kwa simu za mkononi, tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kuwa usalama wa ujumbe wanaoupokea hutegemea pia kizazi cha mtandao unaoufikisha.

Mtandao wa kizazi cha pili, GSM, ulianza kutumika kibiashara nchini Finland mwaka 1991. Ndani ya kila laini mna ufunguo wa siri, ambao nakala yake huhifadhiwa na kampuni ya simu. Simu inapojiunga, mtandao huitumia namba ya kubahatisha. Laini huikokotoa kwa ufunguo huo na kurudisha jibu. Jibu likilingana na lile la kampuni, simu huruhusiwa kuingia. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani.

Udhaifu upo upande wa pili. Katika GSM simu hujithibitisha kwa mtandao, lakini mtandao haujithibitishi kwa simu. Kwa hiyo, mhalifu mwenye mtambo mdogo unaojifanya mnara anaweza kuzivuta simu zilizo karibu, akaziamuru ziwasiliane bila kufumba ujumbe, kisha akazipelekea ujumbe unaoonekana umetoka benki.

Hata ufumbaji wenyewe si imara. Mfumo uitwao A5/1 ulibuniwa mwaka 1987 na kufanywa siri, lakini mwaka 1999 wataalamu waliubaini wote kwa kuchunguza simu. Desemba 2009, mjini Berlin, mtaalamu wa Ujerumani, Karsten Nohl, alieleza namna ya kuuvunja kwa majedwali yaliyokokotolewa mapema, bila kuhitaji mitambo ya gharama kubwa.

Mitandao ya 3G na 4G ilirekebisha kasoro hiyo kwa kuutaka mtandao nao ujithibitishe. Tatizo ni kwamba simu nyingi bado hurejea 2G mawimbi mapya yanapokosekana, na mhalifu anaweza kuyavuruga makusudi. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, baadhi ya simu humruhusu mtumiaji kuizima 2G katika mipangilio.

Hata hivyo, hakuna ufumbaji unaoweza kuzuia utapeli wa kubadilisha laini, ambapo tapeli huishawishi kampuni au wakala ahamishie namba ya mteja kwenye laini mpya. Tangu hapo, ujumbe wote wa mteja, zikiwamo namba za uthibitisho za benki, humfikia yeye.

Dalili yake ni simu kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo wengine wa kampuni hiyo hiyo wanaupata. Mteja akiona hivyo, hana budi kuipigia kampuni mara moja kwa simu nyingine na kuitaarifu benki yake. Namba ya siri haipaswi kutajwa kwa yeyote, hata kwa anayejitambulisha kuwa mhudumu.