Zege la ghala: maji mengi huharibu saruji nzuri

Mfanyabiashara anayejenga ghala Kabonga, mpakani mwa Burundi na Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, hulipia saruji mara kadhaa: bei ya mfuko, nauli, ushuru na vibarua. Sakafu ikipasuka mapema, gharama zote hizo hurudi upya. Mambo manne huamua kama zege litadumu.

Saruji kavu

Saruji huvuta unyevu. Ndani ya boti ipangwe juu ya mbao na kufunikwa turubai. Ghalani iwe mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Ikikaa miezi 3 hupungua nguvu. Mabonge yasiyovunjika kwa vidole ni dalili kwamba mfuko huo haufai tena kwa zege.

Kipimo

Kipimo kilichozoeleka ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Sakafu itakayokanyagwa na malori huhitaji 1 kwa 1.5 kwa 3. Mfuko wa kilo 50 unatosha kwa maji lita 25 hivi, ukihesabu na yaliyomo kwenye mchanga. Mafundi huongeza maji ili kazi iwe nyepesi, lakini maji hayo yakikauka huacha vitundu na zege huwa dhaifu. Mchanga wa ufukweni uoshwe kuondoa tope na makombe.

Nondo

Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kufurika maeneo ya Rumonge na Gatumba. Kwa hiyo msingi ulio karibu na maji uachiwe zege la sentimita 5 kati ya nondo na nje, la sivyo nondo hupata kutu, huvimba na kulipasua.

Kumwagilia

Zege limwagwe na kushindiliwa ndani ya saa moja baada ya kuchanganywa, kisha lifunikwe kwa magunia na kuloweshwa siku 7 au zaidi. Nguvu yake huhesabiwa siku ya 28. Lori lililojaa lisiingie kabla ya hapo.

Kiuchumi, kibarua wa kumwagilia kwa wiki moja ni nafuu kuliko kuvunja sakafu na kuvusha saruji upya. Masharti haya yaandikwe katika mkataba na fundi kabla ya malipo ya kwanza.