Mkono Manila, Haki New York

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuwazungumzie wachora katuni. Sina maana ya wale wanaotuchekesha kila asubuhi gazetini kwa picha moja ya mheshimiwa mwenye kitambi. Nakusudia wachoraji wa vitabu vya katuni, zile hadithi ndefu za picha ambazo watoto wetu huzisoma chini ya dawati, sisi wazazi tukawanyang'anya, kisha tukazimalizia wenyewe sebuleni.

Vijana wenye kipaji cha kuchora, wawe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, huuliza swali lile lile: je, mtu anaweza kukaa hapa hapa akachorea kampuni za Marekani au Ufaransa, akalipwa fedha za kigeni na kujenga jina? Anaweza. Limekwisha kutendeka mara nyingi, tena tangu zamani. Ila swali hilo lina ndugu yake ambaye vijana hawamwulizi: kazi ikiisha, kile kilichochorwa ni mali ya nani? Hapo ndipo maisha ya wachoraji wengi yalipoamuliwa, na hapo ndipo tutakapokaa leo.

Kwanza tuone kazi yenyewe inavyokwenda. Kitabu cha kawaida cha Marekani hutoka kila mwezi, na kina kurasa 20 hadi 22 za hadithi. Kwa kawaida hakifanywi na mtu mmoja. Yuko mwandishi wa hadithi, yuko anayechora kwa penseli, yuko anayepita juu yake kwa wino, yuko mtia rangi, na yuko anayepanga maneno ndani ya viputo. Wengi wao hulipwa kwa ukurasa. Kazi imekatwa vipande kama kazi ya kiwandani, na kipande chochote chaweza kufanyiwa popote duniani, mradi kimfikie mhariri siku iliyopangwa. Mchoraji wa penseli anayetaka kushika kitabu cha kila mwezi hana budi kutoa karibu ukurasa mmoja kwa kila siku ya kazi, mwaka mzima, awe na malaria au harusi ya dada yake. Sisi wa redio jambo hili tunalijua vizuri. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimngoji mtu.

Waliofungua mlango huo kwa wingi ni Wafilipino, na kisa chao kina mengi.

Nchini Ufilipino, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hadithi za katuni zilikuwa chakula cha kila siku. Ziliandikwa kwa lugha yao, Kitagalogi, zikachapwa kwenye karatasi hafifu, na asiyekuwa na fedha ya kununua alikodi dukani, akasoma na kurudisha. Waliokulia Dar es Salaam katika miaka ya 1980 wakigombea nakala moja ya Sani mtaa mzima hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1950 lilitokea kwenye kurasa hizo jina la Darna, shujaa wa kike aliyebuniwa na Mars Ravelo na kuchorwa na Nestor Redondo. Kwa hiyo Manila ilikuwa na mafundi waliokomaa miaka mingi kabla Mmarekani hajabisha hodi. Hawakujifunza kuchora ili wauze nje. Walikuwa na wasomaji wao nyumbani, wenye kudai hadithi kila toleo, na ndio waliowatia kasi mkononi.

Mmoja wao, Tony DeZuniga, alikwenda New York kusoma, akarudi nyumbani, akaenda tena, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na kazi katika kampuni ya DC, yenye Superman na Batman. Wakubwa zake walipouona mkono wake walitaka kujua kama kwao kuna wengine. Carmine Infantino, aliyeiongoza DC wakati huo, akafunga safari na mhariri wake Joe Orlando hadi Manila. Baada ya safari hiyo majina ya Redondo, Alfredo Alcala, Alex Niño, Gerry Talaoc na wenzao yakajaa katika vitabu vya DC, na baadaye katika vile vya mshindani wake, Marvel. Hadithi iliyoandikwa kwa Kiingereza ilisafiri kwa ndege hadi Manila, na kurasa zilizokamilika zikarudi kwa njia hiyo hiyo.

Kwa nini kampuni tajiri ihangaike hivyo? Sababu ya kwanza ni ubora, na tusiwapunje. Alcala alichora mistari myembamba kama ya mchonga muhuri, na bado alisifika kwa kasi. Redondo alikabidhiwa kitabu cha Swamp Thing baada ya Bernie Wrightson, ambaye Wamarekani walimhesabu kuwa hana mfano, na hakuaibika. Sababu ya pili ni bei. Wafilipino walilipwa kidogo kuliko wenzao wa Marekani kwa ukurasa ule ule, na aghalabu mtu mmoja alifanya penseli na wino pamoja. Dola hizo chache zikibadilishwa kuwa peso zilikuwa fedha ya kuonekana, ndiyo maana zilipokewa. Lakini kwa mchoraji wa New York mwenye kodi ya nyumba ya New York, fundi huyo wa ng'ambo alikuwa hoja mkononi mwa mwajiri kila alipotaka nyongeza. Sioni kosa la Mfilipino hapo. Naona tu kwamba anayeajiriwa kwa sababu ni rahisi hukaa kazini mpaka apatikane aliye rahisi zaidi, au mpaka soko ligeuke.

Na soko liligeuka. Wafilipino wengi waliwekwa kwenye hadithi za kutisha, za vita na za mashujaa wa kale, kwa kuwa wahariri waliona mkono wao hauwafai mashujaa wanaoruka angani. Mwaka 1978 DC ilifuta majarida mengi kwa mkupuo mmoja. Kufikia wakati huo baadhi yao walikuwa wamekwisha kuhamia Marekani, na walitafuta riziki kwingine. Redondo, Alcala na Niño walifanya kazi katika filamu za katuni, na DeZuniga akafanya kazi kwa miaka kadhaa katika kampuni ya michezo ya video ya Sega.

Sasa tulitazame lile swali la pili kwa mfano wa huyo huyo DeZuniga. Mwaka 1972, akiwa na mwandishi John Albano, alimleta duniani Jonah Hex, mwinda watu wa Magharibi ya Marekani mwenye nusu ya uso iliyoharibika. Uso ule ulitoka kwenye penseli ya DeZuniga. Jonah Hex amedumu zaidi ya nusu karne katika vitabu, na mwaka 2010 akatolewa filamu ya Hollywood. Miaka miwili baadaye, mwaka 2012, DeZuniga alipatwa na kiharusi huko Ufilipino. Gharama za hospitali zilipopanda, mashabiki na wachoraji wenzake walichanga fedha na kunadi michoro ili kumsaidia. Alifariki mwezi Mei mwaka huo. Jonah Hex bado ni mali ya kampuni.

Hakuna wizi uliofanyika kwa maana ya kisheria. Sheria ya Marekani inakubali kazi ya kuagizwa kwa mkataba, ambayo tangu siku inapochorwa mwenye hakimiliki ni aliyeagiza, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kalamu. Mchoraji hulipwa ujira wa kurasa, yakaisha. Kabla ya hapo mambo yalikuwa hayo hayo kwa njia ya kuuza moja kwa moja: mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Kimarekani waliozaliwa na kukulia huko huko Amerika ya Kaskazini, waliuza haki za Superman kwa dola 130. Kwa hiyo si suala la ugeni peke yake. Ugeni huongeza tu umbali kati yako na mwanasheria.

Katika miaka ya 1980 kampuni hizo zilianza kutoa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo kitabu kinapopita idadi fulani, na tayari zilikuwa zimeanza kuwarudishia wachoraji karatasi zao za asili. Karatasi hizo zimekuwa kama shamba la kahawa, kwani wako watozi wanaozinunua kwa bei kubwa kuliko ujira wa ukurasa wenyewe. Kijana anayechora moja kwa moja kwenye kompyuta aliweke hilo akilini, maana hana karatasi ya kuuza.

Mwaka 1992 wachoraji saba waliokuwa wakitamba Marvel waliondoka wakaanzisha Image, ambako hakimiliki hubaki kwa aliyebuni. Miongoni mwa waliohusika na mwanzo wa Image walikuwamo Jim Lee, mzaliwa wa Seoul, na Whilce Portacio, mzaliwa wa Ufilipino. Mfano mzuri wa faida yake ni Saga, iliyoanza mwaka 2012. Mchoraji wake, Fiona Staples, ni Mkanada, na yeye na mwandishi Brian K. Vaughan ndio wenye kitabu. Lakini msikilizaji usikimbilie kupiga makofi. Njia hiyo kwa kawaida haina ujira wa kurasa wa kutangulia. Unachora miezi kadhaa kwa gharama yako, kitabu kinachapwa, kampuni inakata gharama na ada yake, kisha kinachobaki ndicho chako. Kitabu kisipouzika, haki ni yako na njaa ni yako. Ndiyo sababu wengi hufanya kazi ya kuagizwa mchana ili walishe hadithi yao wenyewe usiku.

Waliowafuata Wafilipino kwa wingi ni Wabrazil, katika miaka ya 1990, wakipitia kwa mawakala waliokusanya michoro na kuipeleka New York kwa kukatiwa asilimia yao. Kuna jambo moja lao linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Benedito Nascimento akaitwa Joe Bennett. Deodato Borges Filho wa Paraíba akawa Mike Deodato. Msomaji wa Marekani alinunua kitabu asijue kimetoka nchi gani. Ndugu zao wa baadaye, Fábio Moon na Gabriel Bá wa São Paulo, walitumia majina ya kwao walipotoa Daytripper, hadithi inayotokea Brazil, wakapata tuzo ya Eisner mwaka 2011.

Huku kwetu mlango ulio karibu zaidi umekuwa wa Kifaransa, na waliopita ni majirani zetu wa Kongo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alihamia Ubelgiji katika miaka ya 1990 na kuchora mfululizo wa Eva K. na Mandrill pamoja na mwandishi Frank Giroud. Mwaka 2014 alitoa Madame Livingstone, aliyoandikiwa na Christophe Cassiau-Haurie, juu ya Vita ya Kwanza ya Dunia katika Ziwa Tanganyika na msako wa meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Wakazi wa Kigoma meli hiyo wanaijua kwa jina la Liemba. Mwenzake, Pat Masioni, aliyekwenda kuishi Ufaransa, alichora kitabu juu ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, kisha akachorea DC matoleo mawili ya Unknown Soldier, hadithi inayotokea kaskazini mwa Uganda. Upande wa Ufaransa mchoraji hupewa malipo ya awali ambayo baadaye hukatwa kwenye mrabaha wake, na sheria ya huko haimruhusu hata yeye mwenyewe kuiuza haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi.

Kwa anayetaka kujaribu leo, posta si kizuizi tena. Ukurasa hupita kwenye skana na kumfikia mhariri kwa dakika chache. Peleka kurasa tano au sita zinazosimulia tukio moja kwa mfululizo: mtu anaingia chumbani, anakaa, anagombana, anatoka. Mhariri anataka kuona kama unajua kusimulia na kama mtu wako wa picha ya kwanza anafanana na yule wa picha ya tano. Picha moja ya shujaa mwenye misuli haimwambii hayo. Ukipewa mkataba, tafuta mahali palipoandikwa nani mwenye hakimiliki, mrabaha unaanza lini, na karatasi za asili zinakwenda kwa nani. Ukitumia wakala, uliza asilimia yake na uliza fedha inapita kwanza kwa nani.

Liko na la kodi. Kwa kawaida ujira wa kazi uliyoifanyia nje ya Marekani haukatwi kodi huko, lakini mrabaha hukatwa asilimia 30, isipokuwa kwa nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani. Tanzania na Kenya hazimo. Kampuni itakutaka ujaze fomu iitwayo W-8BEN. Ijaze kwa jina lililo kwenye pasipoti yako, hata kama jalada linasema Joe.