Si mvivu, tumwelewe

Wazazi wapendwa, tuna kijana wa miaka 13 darasani. Hesabu za kichwa anaziweza, lakini mwandiko unayumba, mpira unamponyoka, na hatulii. Sisi walimu tulimwita mvivu. Siku moja mama yake akatuambia: "Huyu alizaliwa amechoka, hakulia." Tukanyamaza.

Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au akizaliwa kabla ya wiki 37, ubongo unaweza kuguswa kidogo. Haonekani mlemavu, ila mikono na usikivu vinamsumbua hadi ujanani. Kule Groningen, Uholanzi, madaktari waliwafuatilia watoto waliozaliwa 1975 hadi 1978. Waliona uhusiano huo, na pia kwamba kwa wengi dalili hupungua wakibalehe. Lakini si kila aliyezaliwa kwa shida hupata matatizo haya, wala si kila mwandiko mbaya unatokana na uzazi.

Basi fimbo haisaidii. Tuelezeni mtoto alivyozaliwa, tumkalishe mbele na kumwongezea muda wa kuandika. Nanyi akina mama wajawazito, uchungu ukianza msingoje nyumbani, wahini hospitali. Yule kijana tulimwomba radhi. Sasa anamaliza zoezi lake, polepole tu.