Gitaa Lililolegezwa Halikuharibika

Majuma machache yaliyopita tulikuwa Tumbi, Kibaha, kwa shughuli nyingine kabisa. Jioni, tukiwa tumepumzika barazani, tulimsikia kijana akipiga gitaa chini ya mwembe. Sauti ile ilikuwa ngeni masikioni mwetu. Haikuruka kutoka noti moja hadi nyingine, bali iliteleza na kulia mithili ya mtu anayeomboleza. Tulipomsogelea tukaona nyuzi zimelegea kuliko kawaida, na kidole chake cha mwisho kimevishwa kipande cha shingo ya chupa kilichosuguliwa ukingo. Tukamwambia, kwa ile hakika ya watu wazima, kwamba gitaa lake limeharibika na alipeleke kwa fundi. Akajibu kwa adabu: "Hapana, mzee. Halikuharibika. Nimelilegeza."

Kosa lilikuwa letu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Tujisahihishe, nasi tuliolelewa katika mafundisho hayo hatuna budi kuyatii hata katika jambo la nyuzi sita. Kwa hiyo tuliketi, tukamwomba atueleze.

Kwa kawaida gitaa hupangwa, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, kwa sauti za E, A, D, G, B na E. Kijana yule alikuwa ameushusha uzi wa sita kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, na wa kwanza kutoka E hadi D. Nyuzi tatu za kati hakuzigusa. Kwa mabadiliko hayo machache, nyuzi zote zikipigwa bila kushikwa popote hutoa sauti zinazoafikiana, yaani mwafaka wa G. Chupa ikilazwa juu ya nyuzi zote kwenye chuma cha tano cha shingo ya gitaa, hupatikana C. Kwenye cha saba, hupatikana D. Kwa mafungu hayo matatu mpigaji anaweza kuubeba wimbo mzima wa bluzi.

Lakini chupa ina masharti yake. Haikandamizwi, huwekwa juu ya uzi kwa wepesi, sawasawa na chuma chenyewe na wala si nyuma yake. Vidole vingine hugusa nyuzi upande wa nyuma ili kuzima makelele. Na nyuzi zikikaa karibu mno na shingo, chupa hugonga vyuma na wimbo huharibika. Ni kazi ya sikio zaidi kuliko macho, kwa sababu mkono ukisogea kidogo tu sauti imekwisha kupotoka.

Asili ya ufundi huu ni ya watu wa mbali na wa karibu. Katika visiwa vya Hawaii, wenyeji waliopata magitaa katika karne ya 19 walizilegeza nyuzi zake ili zifuate nyimbo zao, na mwenzao Joseph Kekuku anatajwa kuwa ndiye aliyeeneza upigaji wa kutelezesha chuma. Huko Mississippi, Marekani, W. C. Handy alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1941 jinsi alivyomwona mtu mweusi maskini katika stesheni ya Tutwiler, mwanzoni mwa karne ya 20, akitelezesha kisu juu ya nyuzi za gitaa. Naye mtafiti Gerhard Kubik ameeleza kwamba katika Afrika ya Kati walikuwapo wapigaji wa ala ya uzi mmoja waliotelezesha kitu kigumu juu yake. Wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani ndio walioikuza bluzi. Kwa hiyo kijana wa Tumbi anapolegeza nyuzi anaushika mkono wa ndugu aliyepotezana naye.

Wasomaji wetu wa visiwani, kuanzia Mafia hata Unguja na Pemba, hawatashangazwa na habari hii. Shingo ya udi haina vyuma, na kidole cha fundi huzitafuta sauti zilizomo baina ya noti na noti. Mpiga kanuni naye huzipanga nyuzi zake kufuata makamu ya wimbo. Basi mwaka 2005, Taj Mahal, mpigaji mashuhuri wa bluzi kutoka Marekani, alipotoa santuri pamoja na Culture Musical Club ya Zanzibar, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1958, wenye masikio waliona ukoo. Bara nako, muziki wa Wagogo, ambao marehemu Hukwe Zawose aliutangaza duniani, una mpangilio wake wa sauti ambao piano haiwezi kuutoa barabara.

Wako watakaouliza: kada wa Chama ana haja gani na bluzi za Marekani? Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu alisikitika kwamba tulijua dansi za Wazungu na kuzisahau ngoma zetu. Lakini katika hotuba iyo hiyo alionya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Tumbi yenyewe ni ushahidi. Kituo cha elimu cha Kibaha kilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikakabidhiwa kwa Taifa mwaka 1970, na leo hakuna amwitaye mwanafunzi wake mgeni.

Zaidi ya hayo, kijana yule hakuwa akiitafuta Marekani. Babu yake, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa mpigaji wa gitaa la galatoni lisilo la umeme. Amefariki, na kilichobaki ni mkanda mmoja wa kaseti. Wimbo unasikika, maneno yanasikika, lakini uzi mnene unatoa sauti ambayo haimo katika mpangilio wa kawaida. Mjukuu alihangaika muda mrefu bila kuipata, na katika kikundi kimoja alichojiunga nacho aliambiwa aache kuchezea funguo. Ni baada ya kusikia bluzi ndipo alipotambua kwamba huenda babu yake naye alilegeza nyuzi. Tangu hapo anajaribu mpango mmoja baada ya mwingine. Siku ile tulipomkuta alikuwa hajaupata bado.

Hapo ndipo hasara inapoonekana. Mkanda huhifadhi wimbo, lakini hauhifadhi mkono. Kila mzee anapozikwa na mpango wake wa nyuzi, anayebaki analazimika kubahatisha gizani kile ambacho mzee angemwonyesha kwa dakika tano.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa utamaduni wa Kibaha, Kisarawe na Mafia wafanye jambo lisilohitaji fungu kubwa la fedha. Waende kwa wazee wapigaji, wa gitaa, udi na zeze, wakiwa na daftari. Waandike uzi kwa uzi, kutoka mnene hadi mwembamba, sauti yake, jina la wimbo, na mahali mzee alipojifunza. Siku hizi simu ya mkononi inaweza kurekodi uzi mmoja mmoja kabla wimbo haujaanza. Nakala zihifadhiwe mkoani na mashuleni, mahali ambapo kijana anaweza kuziomba akapewa.

Na waamuzi wa mashindano ya muziki, pamoja na sisi tunaopita njiani, tusikilize kwanza ndipo tusahihishe. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Lakini mbacha uliokwisha kupotea hautafutwi kwa kumkaripia anayeutafuta.